Jina la Nyanya Mzaa Mama

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kutuachia methali ya mtu anayeanika maradhi ya mwenzake, na asubuhi ile ya Alhamisi, akiwa ameegemea kaunta ya duka la dawa mjini Nyeri, Inspekta Kahiga aliona huo ulikuwa uzembe mkubwa kwa upande wa wahenga.

"Soma tena, Inspekta," alisema Sanjay, mwenye duka. "Pole pole."

Kahiga alishusha miwani puani na kufungua daftari. Ujumbe wenyewe alikuwa ameusoma mara nyingi hivi kwamba angeweza kuuimba kanisani.

"'Mama Munene. Tunajua siku kumi na moja za wodini. Tunajua vidonge vya buluu. Tunajua ng'ombe walivyolia hadi jirani akaja kuwakamua. Jitoe kabla ya Ijumaa saa nne. Usipojitoa, wanachama watajua ni nani wanataka kumpa ushirika.'"

Mama Munene huyo ni Gathoni, mjane wa miaka arobaini na moja kutoka Mweiga, na ushirika ni ule wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ijumaa saa nne asubuhi, yaani kesho yake, wanachama wangepanga foleni nyuma ya wagombea wawili wa uenyekiti: Gathoni, na mzee Ngatia, ambaye alikuwa amekikalia kiti hicho miaka tisa. Miaka mitatu iliyopita, mumewe alipofariki, Gathoni aliugua ile huzuni isiyotoka kwa kulia. Akalazwa, akapewa dawa, akapata nafuu. Watu wa Mweiga waliambiwa yuko kwa dadake Nanyuki, nao wakaamini. Ujumbe ulimfikia Jumamosi. Jumatatu aliingia katika duka la Sanjay, akamkaripia mbele ya wateja saba kwamba amemuuza, kisha akaenda polisi akilia.

Kahiga alianza na namba iliyotuma ujumbe, kama ilivyo desturi ya kazi. Namba ilimpeleka hadi mji wa Kenol, kwa jina la mzee aliyezikwa mwaka uliopita. Laini za namna hiyo huuzwa pale njia panda kama mahindi ya kuchoma, na muuzaji hakumbuki uso wa mtu. Njia hiyo akaifunga, na hakusononeka. Alikuwa mtu wa kuridhika upesi, Kahiga, mradi awe na chai ya moto na swali ambalo bado halijajibiwa.

"Tangu Jumatatu watu wanapita hapa kama mimi niko na ndui," Sanjay alisema. "Baba yangu, Thakorbhai, alifungua hii duka kabla mimi nizaliwe. Dawa ya mtu hajawahi kutaja hata kwa mama yangu. Sasa ona." Alifungua kitabu kikubwa cha dawa na kukigeuza ili Kahiga asome. "Buluu nilimpa mwisho Februari. Machi daktari alibadilisha. Sasa miezi minne anameza nyeupe. Mimi nikitaka kumtisha, nitataja rangi ya zamani kwa nini? Na ng'ombe? Mimi mambo ya ng'ombe nitajulia wapi?"

Kahiga alifuata mistari kwa kidole. Februari, buluu. Machi, nyeupe. Aprili, Mei, Juni, nyeupe. Mwandiko ulikuwa ule ule na wino haukuwa wa juzi. Hospitali ilijua siku kumi na moja lakini haikujua habari za ng'ombe. Jirani alijua habari za ng'ombe lakini hakujua wodi. Sanjay alijua vidonge, na alivijua kwa rangi ya sasa. Aliyeandika ujumbe alikuwa na vyote vitatu, na alikuwa navyo vikiwa vimechacha tangu Februari.

"Uko sawa," alisema Kahiga.

"Niko sawa?"

"Si wewe."

Sanjay alishusha pumzi hadi mabega yakalegea. Kahiga, ambaye hakupenda kumwacha mtu nusu njia, alitoka hadi mlangoni, akageuka, na kwa ile sauti ya gwaride akasema, "Asante sana, Bwana Sanjay! Duka lako ni safi, na polisi wamesema hivyo!" Mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto mwenye kikohozi alisimama, akafikiri kidogo, akaingia ndani.

Akiwa barabarani alimpigia Gathoni simu.

"Mama Munene, vidonge vya buluu vimeandikwa wapi, mbali na duka na hospitali?"

Alisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Kwa simu," Gathoni alisema. "Kwa ile Siha Jirani. Daktari aliniambia niandike kila siku vile nimeamka, na dawa nakunywa. Ile ya kwanza niliandika, hii mpya sikubadilisha."

"Na ng'ombe?"

"Niliandika siku moja tu." Sauti yake ilipungua. "Hiyo sijaambia mtu, Inspekta. Hata Munene. Hata Mungu nilimwambia nusu."

"Wiki iliyopita hiyo app ilikusumbua?"

"Ilikataa neno langu la siri Ijumaa. Nilidhani ni mimi nimesahau, kwani nasahau. Nikajibu lile swali yao, nikaweka lingine."

Kahiga aliandika katika daftari: Ijumaa, lilikataa. Akapigia mstari chini yake.

"Njoo Nyeri," akasema. "Na ulete kitambulisho."

Ofisi ya Siha Jirani ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, na ilikuwa na kiti kimoja zaidi ya watu. Aliyesimamia rekodi za watumiaji alikuwa Lynn, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye sweta ya manjano na msimamo wa chuma.

"Afande, wewe siwezi kukupea," alisema kabla Kahiga hajamaliza kujitambulisha. "Rekodi ya mtu ni ya mtu. Leta court order, ama urudi tu."

"Vizuri," alisema Kahiga.

"Ati vizuri?"

"Ungenipa hivi hivi, ningekuandika kwa orodha ya washukiwa." Akavuta kile kiti cha ziada na kukaa. "Na mwenyewe akiomba?"

"Mwenyewe ni haki yake. Namwonyesha hata sasa hivi."

Kwa hivyo walingoja. Gathoni alifika saa sita na nusu, bado na buti za zizini, akatoa kitambulisho, akaweka sahihi mahali pawili. Lynn alimgeuzia yeye kompyuta, si Kahiga, na Gathoni ndiye aliyesema, "Aone pia. Nimemruhusu." Kahiga akasogea.

Rekodi haikuwa ndefu. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa kumi alasiri, mtu alibofya mahali pa waliosahau neno la siri. Akaulizwa swali la usalama. Akajibu *Gathoni*. Kosa. Hakujaribu tena siku hiyo, wala Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi saa tatu asubuhi alirudi, akajibu mara moja, na mlango ukafunguka. Alikaa ndani dakika ishirini na sita.

Gathoni alizitazama zile dakika ishirini na sita kwa muda mrefu.

"Alisoma yote," alisema.

"Huenda," alisema Kahiga. "Lynn, Alhamisi alijibu nini?"

"Jibu sahihi mfumo unaficha. Unaona ni nyota tu. Lile la makosa ndilo linabaki wazi."

"Yaani mnaficha kweli na kuanika makosa. Mngefanya kazi nzuri serikalini." Kahiga aliisogeza miwani. "Swali lenyewe ni gani?"

"Jina la nyanya yako mzaa mama."

Kahiga alianza kucheka, pole pole, hadi kile kiti kikalia.

"Nani alichagua swali hilo?"

"Lilikuja na mfumo. Watu wa ng'ambo. Huko ati hakuna mtu anajua nyanya ya mtu mwingine. Na tulishindwa kutuma namba ya siri kwa simu, maana wazee wengi wanashare simu moja boma nzima."

"Lynn, jina lako la nyumbani ni nani?"

"Wamuyu."

"Kwenu wewe ni msichana wa ngapi?"

"Wa pili."

"Basi nyanya yako mzaa mama anaitwa Wamuyu."

Kwa msomaji asiye wa huku mlimani, jambo lenyewe ni rahisi: kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili hupewa jina la mama ya mama. Desturi hiyo haifichwi, bali watu huijivunia. Binti wa pili yeyote kutoka Mweiga hadi Murang'a, ukimuuliza nyanya yake mzaa mama anaitwa nani, amekwisha kukujibu alipokusalimia. Siha Jirani ilikuwa imeweka kufuli mlangoni na kuutundika ufunguo shingoni mwa mwenye nyumba.

"Na wewe mwenyewe unatumia hii app?" Kahiga aliuliza.

Lynn alichukua simu yake, akawapa mgongo, na vidole vyake vikakimbia. Aliporudi alikuwa amebadilisha swali lake.

"Leo hii napigia Nairobi," alisema. "Watatoa hilo swali ama nitoke mimi."

"Lakini mimi si wa pili," Gathoni alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Kila mtu Mweiga anajua mimi ni wa pili, kwa sababu niko na dada mmoja tu, wa Nanyuki. Lakini kulikuwa na mwingine katikati yetu. Alikufa na surua akiwa na miezi nane. Yeye ndiye alipewa jina ya nyanya. Wangechi. Mimi nilifuata, nikapewa jina ya shangazi, dada ya baba. Jibu langu ni Wangechi."

Kahiga alivua miwani na kuifuta kwa tai, ishara kwamba siku ilikuwa inamwendea vizuri.

"Basi huyu mtu si wa kwenu," alisema. "Ndugu yako angejua. Huyu alijua desturi, akajua hesabu ya Mweiga, akajibu Gathoni, akagonga ukuta. Halafu alikaa siku tatu. Alhamisi alikuja na jina la mtoto aliyekufa miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Kuna mtu alimwambia kati ya Jumatatu jioni na Alhamisi asubuhi. Mama Munene, nani bado anakumbuka huyo mtoto?"

"Mama," alisema Gathoni. "Yuko Giakanja."

Kahiga alipokuwa akishuka ngazi alikumbuka jambo, akarudi. "Lynn, hao wazee wanaoshiriki simu moja, nani huwaandikisha?"

"Tulienda kwa vyama vya ushirika mwaka jana. Sisi wawili, na karani wa kila chama akatusaidia. Hapo Mweiga karani aliandikisha wazee karibu sitini peke yake. Ako na bidii, huyo."

"Mimi alitaka kuniandika pia," Gathoni alisema. "Nilimwambia nishaingia kitambo."

Kahiga aliandika hilo pia, lakini hakulipigia mstari. Bidii si kosa, na karani wa Mweiga hakuwa mtu pekee aliyejua lile swali.

Mama yake Gathoni, Nyawira, ambaye kila mtu alimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, alikuwa na miaka themanini na minne na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Walimkuta juani nje ya jiko, akipukuchua mahindi kwa kidole gumba bila kukosa punje hata moja.

"Cucu, wiki iliyopita ulipata mgeni?" Kahiga aliuliza baada ya salamu, na salamu za Giakanja si fupi.

"Jumatano. Siku ya soko. Mwanamume. Alisema anaitwa Nderitu, ametoka ofisi ya maziwa ya Mweiga, anaandika maisha ya wale wanataka kiti." Alitabasamu upande wa sauti ya binti yake. "Nilifurahi sana. Nilimwambia vile ulikuwa unapanda mti ukiwa na kitabu."

"Maitu," Gathoni alimwambia mama yake.

"Alikuuliza majina?"

"Yote. Baba, mama, watoto. Nikamwambia na yule Wangechi wangu mdogo, kwa sababu watu huwa hawaulizi juu yake. Yeye aliuliza. Nikasema huyu ni mtu mzuri." Kidole gumba kilisimama juu ya gunzi. "Kwani alikuwa mbaya?"

Gathoni alipiga magoti akaushika mkono wa mamake. "Hapana, maitu. Wewe hukufanya makosa."

Kahiga aliliacha hilo lipite kwanza. Kisha akauliza, "Uso hukuuona. Lakini alikuwa mtu wa namna gani?"

Cucu Nyawira alifikiri. "Wa kusumbua. Nikisema kitu, ananisomea tena. Nilisema baba yake Gathoni alianza kupeleka maziwa mwaka wa njaa, akasema hapana Cucu, haiwezi kuwa, hiyo mwaka kiwanda kilikuwa hakijafunguliwa. Ati ananirekebisha, na ni mzee wangu tunaongelea! Lakini nilihesabu kwa moyo, nikaona ni yeye yuko sawa."

Kahiga alikataa chai ya pili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Njiani kurudi alipiga simu Mweiga na kuuliza juu ya Nderitu. Alikuwapo Nderitu, ndiyo, dereva wa lori la maziwa, lakini Jumatano hiyo alikuwa na lori lake karakana kutwa nzima, na mafundi watatu walikuwa tayari kuapa. Jina lilikuwa limeazimwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini bado ilibidi mtu aitembee hadi mwisho.

Ijumaa saa mbili unusu uwanja wa ushirika ulikuwa umejaa makoti, kofia za sufu na pumzi nyeupe za Julai. Mlima ulikuwa wazi kabisa, hata barafu ilionekana. Gathoni alisimama kando ya tangi la kupozea maziwa, akiwa amevaa suti ya rangi ya zambarau na uso wa mtu aliyelala saa moja.

"Sijajitoa," alimwambia Kahiga.

"Nimeona."

"Saa nne atasema."

"Nipe hadi saa nne kasorobo."

Kahiga alizunguka uwanja akisalimiana. Aliuliza watu watano, kama mtu anayepiga soga tu, nyanya mzaa mama wa Gathoni aliitwa nani. Wa kwanza alisema Gathoni. Wa pili alimwuliza kama ametoka Mombasa, hata asijue ni Gathoni. Wengine watatu walisema Gathoni, si ni wa pili huyo? Ndipo akachukua karatasi mbili alizokuwa ameziandika usiku kwa mwandiko wake mbaya, akabisha mlango wa ofisi ya karani.

Karani wa ushirika aliitwa Mwai. Miaka kumi na tisa alikuwa ameketi nyuma ya meza ile ile, na vitabu vya lita za maziwa vilisimama nyuma yake vikiwa vimepangwa kwa mwaka, kila mgongo na lebo yake. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, na moja ilikuwa nyekundu.

"Karani, nisaidie," Kahiga alisema. "Ofisi yetu inataka maelezo mafupi ya wagombea, kwa sababu ya usalama wa uchaguzi. Nimeandika haraka. Nipitishie uone kama nimekosea mahali, wewe ndiye unajua rekodi."

Mwai alitabasamu tabasamu la mtu aliyekunwa mahali panapomwasha. Akachomoa kalamu nyekundu. Katika karatasi ya Ngatia alirekebisha mwaka mmoja na idadi ya ng'ombe. Akageukia ya Gathoni. Alirekebisha tarehe ya kujiunga. Alirekebisha jina la kituo cha kukusanyia maziwa. Kisha akafika kwenye sentensi ambayo Kahiga aliitengeneza kwa upendo mwingi: *Ni binti wa pili, na nyanya yake mzaa mama aliitwa Gathoni.*

Kalamu ilisita. Kahiga alitazama dirishani, akasifu mlima.

Kuna watu wanaoweza kupita mbele ya nyumba inayoungua, lakini wasiweze kupita mbele ya kosa lililoandikwa. Kalamu ilishuka. Ikakata *wa pili*, ikaandika *wa tatu*. Ikakata *Gathoni*, ikaandika *Wangechi*.

"Una uhakika hapo?" Kahiga aliuliza, bado akitazama mlima. "Nimeuliza watu watano huko nje, wote wamesema ni Gathoni."

"Hao wanasema tu mambo ya kusikia, Afande. Rekodi yangu haina makosa."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwa fomu yake ya mwanachama."

"Nitolee."

Mwai aliinuka, akavuta droo, akaitoa fomu. Kahiga aliisoma yote, mbele na nyuma, akamrudishia. Palikuwa na nambari ya kitambulisho, kituo, ng'ombe wanne, mrithi Munene. Hapakuwa na nyanya.

"Cucu Nyawira anasema mgeni wake wa Jumatano alimrekebisha mwaka wa kiwanda," Kahiga alisema. "Anasema alikuwa sawa. Nakuomba simu yako, karani. Iweke mezani, usibofye chochote. Siha Jirani wanajua ni simu ya aina gani iliingia, na saa ngapi. Mwenye akaunti amewaruhusu watuambie."

Mwai aliketi. Aliirudisha kalamu nyekundu mfukoni, kwenye nafasi yake, kisha akaiweka simu mezani sambamba na ukingo.

"Mama Munene alisema mbele ya watu wote vitabu vitaenda kwa kompyuta," alisema. "Mkutano wa Mei. Alisema, 'Mwai atapumzika.' Watu wakacheka. Miaka kumi na tisa, Afande. Hakuna lita hata moja imepotea kwa hii mkono."

"Kwa hivyo ukachukua rekodi yake."

"Sikutaka kusema kwa watu. Nilitaka tu aogope, ajitoe."

"Ulinakili?"

Mwai alitazama chini. "Kurasa mbili. Niliweka kwa bahasha nikampa Mzee Ngatia leo asubuhi. Nilimwambia kama huyu mama hajajitoa, asome mbele ya watu."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, Inspekta Kahiga alikimbia.

Mzee Ngatia alikuwa amesimama mbele ya jukwaa, mtu mrefu wa koti refu, akiongea na Gathoni. Kahiga alipofika aliona bahasha tayari iko mkononi mwa mzee, na imefunguliwa. Akadhani amechelewa.

"Nilisoma mistari minne," Ngatia alikuwa akisema. "Ya tano ikanishinda. Hii kitu si yangu, Mama Munene. Sijui ni nani alidhani mimi ni mtu wa kusoma hii. Chukua."

Gathoni aliichukua. Hakuitazama. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya koti la ile suti ya zambarau.

Wakati huo polisi wawili waliokuja kulinda uchaguzi walimtoa Mwai ofisini, na uwanja mzima ukageuka. Hakuna mtu katika Mweiga aliyewahi kumwona Mwai nje ya ofisi saa za kazi. Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele kama mvua. Mama Wahome, mfugaji wa ng'ombe kumi na mmoja na mdomo wa watu kumi na mmoja, alipanda juu ya jiwe.

"Karani amefanya nini?" aliuliza kwa sauti. "Tuambiwe! Sisi ni wanachama!"

Watu walimtazama Kahiga. Kahiga akamtazama Gathoni. Kesi ilikuwa yake, Kahiga. Jibu halikuwa lake.

Gathoni alipanda jukwaani. Saa ilikuwa nne kamili.

"Mwai alifungua kitu yangu bila ruhusa," alisema. "Akasoma. Ndiyo hiyo tu."

"Kitu gani?"

"Yangu."

"Lakini ni kitu gani, Mama Munene? Tunataka kuchagua mtu tunamjua!"

Gathoni angeweza kusema chochote hapo. Angeweza kudanganya, na wangemwamini. Angeweza kulia, na wangemhurumia, na huruma ya umati wa watu mia nne ni shuka fupi. Alisimama wima, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnanijua vile nakamua saa kumi ya asubuhi," alisema. "Mnanijua vile mizani ikidanganya huwa sinyamazi. Hiyo nyingine, siku nikitaka muijue, nitawaambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Na nisipotaka, hamtaijua. Sasa kama tumemaliza hiyo, tuongee maziwa."

Macho yalihamia kwa Ngatia, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona bahasha ikitoka mkononi mwake. Mzee alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, hadi cha juu.

"Amesema ni yake," alisema. "Tupange foleni."

Akaenda zake kusimama upande wa lango. Gathoni akateremka na kusimama mahali pake, kando ya tangi, mgongo kwa jua, akingoja bila kugeuka kuona kama kuna mtu nyuma yake. Alisikia hatua nzito zikija, kisha pumzi ya mtu aliyeshuka kutoka juu ya jiwe kwa shida, na sauti ya Mama Wahome karibu kabisa na sikio lake.

"Sawa, usiniambie," ilisema. "Lakini hiyo kompyuta yako ya vitabu vya maziwa, hiyo utanieleza yote, hadi waya."

"Hiyo nitakueleza," alisema Gathoni, na nyuma yao uwanja ukaanza kusogea na kujipanga.